Gitaa la Besi Lilivyopata Sauti

Ukisikiliza muziki wa roki, kile kishindo kinachokugonga kifuani si cha ngoma peke yake. Hilo ni gitaa la besi. Lakini kabla ya mwaka 1951 mpiga besi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alibeba fidla kubwa iliyomzidi kimo, na ngoma na tarumbeta zikianza, nani angemsikia?

Mwaka huo Leo Fender, fundi wa redio huko California, Marekani, alitoa gitaa la besi la umeme, Precision, la kuvaliwa begani. Mwaka 1952 akatoa kikuza sauti chake, Bassman, chenye spika moja ya inchi 15. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza!

Sababu ni hii. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 kwa sekunde; ule wa besi mara 41 tu. Sauti nzito hivyo masikio yetu huipata kwa shida, na ili ivume sharti spika isukume hewa nyingi. Hiyo yataka umeme wa kutosha. Basi wati zilizomtosha mpiga gitaa zilimwacha mwenzake wa besi akikoroma tu, na akilazimisha, spika hupasuka. Ajabu ni kwamba wapiga gitaa nao waliipenda sana Bassman, hata mwaka 1962 duka la Jim Marshall jijini London likaiiga kuunda Marshall ya kwanza.

Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Kampuni ya Vox iliwaundia vikuza sauti vya wati 100. Wapi! Mayowe ya mashabiki yalimeza yote.

Dawa ilikuja mwaka 1969: Ampeg SVT, wati 300, valvu 14 (zile chupa za kioo ziwakazo kama taa), na sanduku lenye spika 8. Rolling Stones waliizungusha Marekani mwaka uo huo. Sasa hata aliyekaa nyuma kabisa alisikia besi. Lakini mtambo wenyewe, bila spika, ulikaribia kilo 40, na sanduku lilikuwa zito zaidi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wapiga besi wa siku hizo, ukiwauliza habari za SVT, huanza na ngazi walizoipandisha.