Duka Lisilo Mlango

Wazee wetu walilijua duka kwa baraza yake. Mwenye duka hukaa penye kizingiti. Mshitiri huja akatoa salamu, akaishika nguo kwa vidole vyake, akainusa karafuu, akautazama ulimi wa mizani mpaka utulie, ndipo akatoa fedha. Na kama amedhulumiwa leo, kesho ajua wapi pa kurudi kudai haki yake. Mambo hayo hayakwisha, na Mwenyezi Mungu ayadumishe. Lakini kando yake limezuka duka jengine, lisilo mlango, wala baraza, wala mizani ya kuonekana kwa macho. Duka hilo limo ndani ya simu.

Mwaka 2007 M-Pesa ilianza nchini Kenya, watu wakaweza kupelekeana fedha kwa simu. Mwaka 2009 nyaya kubwa za intaneti zipitazo chini ya bahari zikafika Mombasa, na mwaka huo huo WhatsApp ikaanzishwa huko Marekani. Mwaka wa pili yake ikafuata Instagram. Yalipokutana mambo haya matatu, yaani njia ya fedha, njia ya khabari, na mahali pa kuonyesha bidhaa, mama aliye jikoni kwake Mombasa aliweza kumwuzia mtu wa Nairobi ambaye hajapata kumwona wala kumjua jina. Hii ni neema; na kila neema ina hisabu yake.

Ndugu msomaji, nataka nikueleze yaliyompata mama mmoja mjane katika mtaa wetu, kwani katika kisa chake mna mafunzo ya kutosha nyumba nyingi. Mama huyu hutengeneza achari ya embe, na sifa ya mkono wake yajulikana mtaani tangu zamani. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu na nyumba ya kupanga. Achari ile ndiyo iliyolipa kodi na karo. Mwanawe mkubwa alipomaliza shule, alimwambia, “Mama, mtaa huu umekwisha jaa achari yako. Niache nikupeleke mbali.” Akafungua akaunti, akaweka picha, na Ramadhani ya kwanza wakauza kwa mwezi mmoja zaidi ya walivyokuwa wakiuza kwa miezi minne.

Kijana akaingiwa na tamaa. Aliona picha za mamake haziling’ari kama za wengine, akachukua picha kutoka mahali pengine katika mtandao: chupa nzuri za kioo, vifuniko vya rangi ya dhahabu, maembe yanametameta. Akaiweka kana kwamba ni yao. Bibi mmoja wa Nairobi, aliyekuwa na arusi, akaipenda, akaagiza chupa ishirini na kulipa fedha zote mbele. Siku ya pili akapokea makopo ya plastiki yaliyokwisha tumiwa. Achari ilikuwa ni ile ile njema, lakini yule bibi hakuionja hata. Aliziweka picha mbili pamoja, ile aliyoonyeshwa na ile ya alivyopata, akazitangaza, na chini yake akaandika neno moja: “Wezi.” Baada ya siku mbili simu ya mama ikanyamaza kimya.

Mama alipojua, alimwita mwanawe. Kijana akajitetea, “Mama, sikuiba kitu cha mtu. Ni picha tu.” Mama akamjibu, “Mwanangu, katika duka hili lako picha ndiyo kibaba. Wewe umepima kwa kibaba cha mwengine.”

Naam, neno hili la mama asiyekwenda shule lina fiqhi ndani yake. Katika biashara ya kitu kisichoonekana, sifa husimama mahali pa jicho. Mshitiri hawezi kushika wala kunusa. Ameikabidhi dhamana yake kwa picha na maneno yako. Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akalikuta fungu la chakula, akautia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Mwenye chakula akatoa udhuru kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, kisha akatoa onyo kali juu ya wenye kughushi. Basi picha ya leo ndiyo ile sehemu ya juu ya fungu. Tusiifanye kavu hali ndani mna maji.

Wala picha ya kweli haina haja ya kuwa mbaya. Weka kitu chako karibu na dirisha au mlango asubuhi, mwanga wa jua ukiwa bado mpole. Tandika mkeka au kitambaa kisicho na nakshi nyingi. Futa kioo cha simu. Piga picha ya mbele, ya ubavu na ya ndani. Weka kando yake kikombe cha chai ili ukubwa wake ujulikane. Kama pana kasoro, ionyeshe. Kisha andika uzani, siku kilipotengenezwa, vilivyomo ndani, na bei. Hii ada ya kuficha bei, mtu akauliza hadharani akajibiwa faraghani, si njema. Humtia mshitiri shaka kwamba kila mmoja hupimiwa kwa uso wake.

La pili ni kuuza usichokuwa nacho. Vijana wengi huona nguo katika mtandao wa mtu mwengine, wakaitangaza kuwa ni yao, wakapokea fedha, kisha ndipo wakenda kuitafuta. Wakiikosa, huanza visingizio. Mtume (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Lakini sheria yetu haikuifunga njia. Aliyetaka kupokea fedha mbele kwa kitu atakachokitoa baadaye, iko biashara ya salam, nayo ina masharti: sifa za kitu zijulikane, kipimo kijulikane, wakati wa kutoa ujulikane, na bei ilipwe pale pale wanapoagana. Na aliyetaka kuuza bidhaa ya mwengine, na awe wakala wake kwa idhini, apate ujira uliojulikana. Waulizeni masheikh wenu kabla ya kuingia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, ni ya kuamrisha kuandika deni. Hata leo, muuzaji amwandikie mshitiri kwa ujumbe: kitu gani, kiasi gani, bei gani, kitafika lini, na kikiwa na kombo kitarudishwa vipi. Maandishi hayo yatawalinda wote wawili.

La tatu ni wafuasi wa kununua. Kuna watu wauzao wafuasi kwa maelfu, na wengine huandika sifa za uwongo kwa ujira, kila mmoja akijifanya kuwa ni mshitiri aliyeridhika. Wanazuoni walilieleza jambo liitwalo najshi: mtu kuongeza bei ya kitu naye hataki kukinunua, ila apate kumghuri mwengine. Mtume alilikataza. Sifa ya kununua ni jirani yake wa karibu. Na hata kwa hisabu ya dunia ni khasara. Mitandao hii hutazama jinsi watu wanavyoipokea khabari yako: wakiisoma, wakiuliza, wakiwapelekea wenzao, huionyesha kwa wengi zaidi, wakiipita, hufifia. Wafuasi wa uwongo hawasomi wala hawaulizi, wala hawali achari. Watu mia wa kweli walio katika mji wako wana faida kuliko elfu kumi wasiokuwako.

Sasa na tuje katika hisabu yenyewe, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Tuseme chupa moja ya achari yachukua maembe ya shilingi 60, viungo na chumvi shilingi 25, chupa yenyewe shilingi 35, na makaa shilingi 20. Jumla ni shilingi 140. Ikiuzwa 200, faida ni 60. Basi ukilipia tangazo kwa shilingi 600, yakupasa uuze chupa kumi kwa ajili ya tangazo hilo ili urudishe fedha zako tu. Faida huanza katika chupa ya kumi na moja. Na bado hatujatia nauli wala malipo ya kutumiana fedha. Kwa hivyo mwenye mtaji mdogo asikimbilie tangazo la kulipia. Na aanze na yasiyolipiwa: ile programu ya WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, haina ada ya kuichukua, nayo yampa nafasi ya kupanga bidhaa na bei zake kama katika rafu, na kuandika saa za kazi. Atakapotangaza kwa fedha, na achague watu wa mahali anapoweza kufikisha bidhaa, aanze kwa kidogo, na amwulize kila mshitiri mpya, “Umetujua kwa njia gani?” Majibu hayo ayaandike.

Jambo la nne ni kujua kwamba duka hili si milki yako. Ni kama kibanda katika kiwanja cha mtu. Facebook yenyewe iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, hata zikawa chini ya mwenyewe mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika kwa pamoja duniani kwa muda wa kiasi cha saa sita, na wafanya biashara wasiokuwa na njia nyengine wakakaa wakiitazama simu. Basi majina na nambari za washitiri wako, pamoja na maagizo yao, yaandike pia katika daftari la karatasi. Funga akaunti yako kwa nambari ya siri ya pili. Na yule akupigiaye simu kukuomba zile tarakimu sita zilizokuja kwa ujumbe, hata akijiita nani, usimpe. Akizipata ameuchukua ufunguo wa duka. Kadhalika, ukiletewa ujumbe kwamba fedha zimelipwa, usitoe bidhaa kwa kuutazama ujumbe peke yake. Tazama kwanza salio lako mwenyewe, kwani wadanganyifu huandika ujumbe unaofanana na ule wa kweli.

Na kama ulivyo na haki, una wajibu. Nambari ya mshitiri ni amana. Kenya ilitunga sheria ya kulinda khabari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini Mwislamu aliijua amana kabla ya sheria hizo. Usimtie mtu katika kundi bila ya idhini yake, usiigawe nambari yake, wala usiionyeshe picha ya bibi aliyevaa buibui ulilomshonea ila kwa ridhaa yake. Na mabinti zetu wauzao hina, manukato na nguo wasidhani kwamba biashara haiendi ila kwa kuonyesha nyuso zao. Mkono unaofanya kazi waweza kuisema kazi, na sauti yenye adabu yatosha kuieleza. Pia wekeni saa za kufunga duka. Duka lisilo mlango halifungwi na mtu ila mwenyewe. Asiyelifunga litamla wakati wa sala, wa watoto, na wa usingizi.

Labda mtu atasema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ya nini matangazo haya yote?” Methali ni kweli, lakini kizuri kilichofichwa jikoni hakionekani. Si aibu kukitembeza kizuri. Aibu ni kukitembeza kisichokuwako.

Nirudi kwa yule mama. Hakumtuma mwanawe kwenda kugombana. Alimpigia yule bibi mwenyewe, akamwambia, “Mwanangu, picha ile haikuwa yetu. Kosa ni la nyumba yangu. Fedha zako nakurudishia zote, na achari ibaki kwako, kama utapenda kuila.” Fedha zile zilikuwa za kodi ya mwezi. Alizirudisha, kisha akenda kwa mwenye nyumba kuomba muda. Kijana alikuwako akisikiliza, na aliniambia kwamba hajapata kuona aibu kama ya siku ile. Siku hiyo hiyo aliiondoa picha ile, akaweka ya makopo yao, na chini yake akaandika ukweli wa yaliyotokea.

Baada ya wiki moja yule bibi akaandika tena. Alisema amerudishiwa fedha zake, na kwamba achari ni njema. Hakuwaita tena wezi. Wateja walirudi, lakini kidogo kidogo, na wengine hawakurudi mpaka leo. Mama sasa hununua chupa mpya za kioo, za kawaida, na kila picha ni ya chupa iliyomo nyumbani mwake siku hiyo. Kodi iliyochelewa aliimaliza kulipa baada ya miezi mitatu.

Enyi vijana, nyinyi ndio mlio na ufunguo wa duka hili. Wazee wenu hawaujui. Mama zenu wamewakabidhi majina yao mpate kuyatangaza, na jina la mtu mwaminifu hujengwa kwa miaka thelathini ya kuamka alfajiri. Liwekeni katika simu zenu kama amana inavyowekwa. Mshitiri hawaoni, lakini yuko Mwenye kuona.

Wabillahi taufiki.