Kilimo Kipi Kinalipa?

Ndugu msikilizaji, majuzi nikiwa ndani ya daladala nilimsikia kijana mmoja akimweleza mwenzake kwamba atachukua mkopo akalime nyanya. Hesabu yake ilikuwa fupi: idadi ya matenga mara bei ya sokoni. Nilitamani kumwambia kwamba hesabu hiyo haijatimia.

Tuanze na kahawa ya Kilimanjaro. Mbuni hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na bei ya kahawa haipangwi na mkulima. Hufuata soko la dunia. Mwaka 1989, mpango wa mataifa wa kugawana viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika, bei ilianguka. Wako wakulima waliong'oa mibuni yao wakapanda vitu vingine. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, bei ikapanda ghafla. Aliyekwisha kung'oa alibaki mtazamaji.

Sasa mtazame jirani yake mwenye ng'ombe wa maziwa. Fedha yake ni ya lita chache, lakini huingia karibu kila siku. Hata hivyo, ng'ombe hajui sikukuu: majani, pumba na dawa navyo havingoji.

Mkulima wa mahindi anaweza kuyaweka ghalani akingoja bei nzuri. Lakini mwenye deni la mbolea hangoji. Huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na pengine miezi michache baadaye hununua debe la mahindi kwa bei kubwa kuliko aliyouzia.

Na nyanya je? Ni kweli huvunwa haraka, miezi mitatu hivi tangu kupandikizwa, na msimu mzuri humpa mtu fedha nyingi kwa eneo dogo. Lakini hula dawa na mbolea tangu mwanzo, na zikiiva hazisubiri. Siku malori yanapofurika sokoni, tenga lile lile huuzwa kwa bei ya kutupa. Mkulima hana la kufanya, akizirudisha zitaoza.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza zao lipi lina bei, tuulize mambo manne. Gharama ni kiasi gani? Fedha itaingia lini? Nani anapanga bei? Na je, zao linaweza kungoja? Wazee wa Kilimanjaro waliochanganya kahawa, migomba na mifugo katika kihamba kimoja walikuwa na jibu lao: kimoja kikianguka, kingine kiwashe jiko.

Yule kijana alishuka kabla sijapata nafasi ya kusema naye. Kama ananisikiliza, namwomba kabla ya kutia saini mkopo ule arudie hesabu yake mara moja, safari hii kwa bei ya siku mbaya. Ikiwa bado ataweza kulipa, basi na aende shambani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.