Kupiga Picha ni Kushuhudia

Ukiingia katika nyumba za Wakristo wa Kasulu na Kibondo, mara nyingi utaona ukutani picha chache: ya arusi, ya ubatizo, ya mzee aliyekwisha kufariki. Zamani picha hizo zilipatikana kwa shida, maana mpiga picha alikaa mjini, na kazi yake ilitaka fedha. Siku hizi simu zenye kamera zimefika hata vijiji vya ndani, na vijana wetu wengi hupenda kupiga picha kama wapendavyo mpira. Basi twauliza: je, jambo hili ni la kupitisha wakati tu, au Mkristo aweza kumtumikia Mungu na jirani kwa hilo? Sisi twaona kuwa aweza, na tena wako waliotutangulia katika njia hiyo.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa ulimwenguni mwaka 1839, kwa kazi ya Louis Daguerre wa Ufaransa. Baadaye watu walitumia vioo vilivyopakwa dawa inayoshika nuru. Vioo hivyo vilikuwa vizito, na vikianguka huvunjika. Fikirini mzigo wa vioo uchukuliwe kichwani kutoka Kigoma hata Kibondo, kupanda na kushuka milima!

Katika mji wa Newark, Marekani, palikuwa na kasisi mmoja jina lake Hannibal Goodwin. Alipenda kuwaonyesha watoto wa kanisa lake picha za habari za Biblia kwa taa ya kumulikia ukutani, lakini vioo vilimchosha. Akatamani kitu chepesi, chenye kupitisha nuru kama kioo, wala kisichovunjika. Hakuwa mtu wa viwanda. Alifanya majaribio yake darini mwa nyumba aliyokaa, baada ya kazi za kanisa. Mwaka 1887 akaomba hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, yaani filamu nyembamba ya kuviringishwa. Hati hiyo hakuipata mpaka mwaka 1898, naye akafa mwaka 1900. Mwaka 1914, baada ya kesi ndefu, kampuni ya Eastman Kodak ililipa dola 5,000,000 kwa wale waliorithi haki za hati hiyo.

Filamu ya namna hiyo ndiyo iliyoitia kamera mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka ule ule wa 1900 kamera ndogo iitwayo Brownie ilianza kuuzwa kwa dola 1. Mwalimu wa watoto na aliangalie jambo hili: mtu aliyetafuta njia njema ya kuwafundisha wadogo aliwafungulia njia watu wa dunia nzima.

Habari ya pili ni ya jirani zetu wa Kongo, nayo ni nzito. Mwaka 1904, wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipoitawala nchi ile kama shamba lake, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa. Mkononi alichukua kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimwomba aketi barazani, akampiga picha akivitazama viungo vile. Mama huyo hakuwa mpiga picha kwa kazi yake, lakini picha zake zilionyeshwa makanisani na katika mikutano ya Uingereza na Marekani. Maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa mengi, na wakubwa waliyakana. Picha walishindwa kuikana. Mwaka 1908 mfalme aliondolewa utawala wa Kongo.

Hapo twaona kwamba picha ni ushahidi. Nasi tumeamriwa tusimshuhudie jirani yetu uongo. Amri hiyo yamhusu mwenye kamera kama imhusuvyo mwenye ulimi.

Nchi yetu ya Buha yalijua jambo hili. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika Kasulu kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa maelfu, na kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena. Wageni wengi walifika na kamera. Picha zilizokwenda mbali mara nyingi zilikuwa za mtoto aliaye, hana jina, hana mzazi kando yake. Hatusemi machozi yale hayakuwa ya kweli. Lakini katika kambi zile zile walikuwako walimu wakifundisha, kwaya zikiimba, na akina mama wakipalilia mboga mbele ya hema. Aonyeshaye machozi peke yake ametoa nusu ya ushahidi.

Tena kamera iliweza kufanya lililo jema kuliko hilo. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, watoto wengi waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha katika kambi za Goma. Picha zikabandikwa mbaoni, na wazazi wakapita wakitazama uso baada ya uso. Wako waliomwona mtoto wao. Kilichotofautiana na picha za wageni ni hiki: hapa picha ilipigwa kwa ajili ya yule aliyepigwa.

Basi twawashauri vijana na walimu mambo haya. Kwanza, omba ruhusa, hata kwa maskini, hata kwa mtoto na mzazi wake. Akikataa, weka simu mfukoni bila kunung'unika. Pili, usiigeuze picha ikasema lisilotukia, kwa kuwa siku hizi mashine zaweza kutunga hata uso wa mtu asiyekuwako. Tatu, mpe mtu picha yake. Wako bibi waliopigwa picha mara nyingi na wapitaji, nao hawana hata moja. Nne, wakati wa sala na maziko, acha kamera itulie. Meza ya Bwana si mahali pa kusukumana.

Katika ufundi wenyewe, jifunze kuingojea nuru. Asubuhi, ukungu unapoondoka mabondeni, milima yetu hupambanuka mmoja mmoja. Jua la adhuhuri hulificha jicho chini ya kofia. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, uso wake hutoka giza tupu. Mweke kivulini pa mwembe au mlangoni, akielekea nuru, nawe utaona kila mkunjo wa tabasamu lake. Azoeaye kutazama hivyo hujifunza kumshukuru Muumba kwa mambo aliyoyapita kila siku bila kuyaona.

Mwisho, twaomba kila nyumba ifanye kazi moja mwezi huu. Mpigeni picha aliye mzee kupita wote katika ukoo wenu. Isafirisheni mjini ikachapwe katika karatasi, maana simu ikipotea hupotea na yote yaliyomo. Nyuma yake andikeni jina lake, la baba yake, kijiji na mwaka. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake waliuchukua mwili wake mpaka pwani kwa miezi mingi. Chuma, Susi na Jacob Wainwright twazijua nyuso zao, kwa kuwa walifika Uingereza mwaka 1874 wakapigwa picha. Wenzao walio wengi, waliobeba mzigo ule ule, sura zao hatuzijui. Mungu awajua wote, lakini wajukuu zetu watawajuaje wazee wao, tusipowaachia ushahidi?