KUHESABU NA KUSIKILIZA: NJIA MBILI ZA UTAFITI WA WAUGUZI



Mara kwa mara wauguzi hufika kijijini na maswali. Mmoja huja na fomu: una watoto wangapi, ulijifungulia wapi, ulienda kliniki mara ngapi? Mwingine huketi na akina mama chini ya mti, anauliza jambo moja, halafu ananyamaza na kusikiliza. Wengine husema huyu wa pili anapiga domo tu. Sivyo! Wote wawili wanafanya utafiti.

Njia ya hesabu

Hii hujibu "wangapi?" na "mara ngapi?" Watu wengi huulizwa maswali yale yale, ili majibu yajumlishwe na kulinganishwa. Kwa njia hii tunajua kwamba, katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09, watoto 43 kwa kila 100 nchini Kenya walizaliwa katika vituo vya afya. Mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma. Uchunguzi wa 2014 ulipata 61, na ule wa 2022 ukapata 82.

Hesabu hiyo yatupa moyo. Lakini peke yake haituelezi kwa nini wale 18 hawakuzaliwa kituoni.

Njia ya maelezo

Hii hujibu "kwa nini?" na "ilikuwaje?" Watu huwa wachache, mazungumzo marefu. Mama mmoja atasema uchungu ulimshika usiku na gari hakuna. Mwingine anaogopa kukemewa wodini. Wa tatu atasema mama mkwe ndiye aliyeamua. Fomu yaweza kukosa nafasi ya kuandika mambo kama hayo. Hata hivyo, akina mama kumi hawawezi kusema kwa niaba ya kaunti nzima.

Zinasaidiana

Mwaka 2007 ripoti iliyotolewa na FIDA Kenya pamoja na wenzao wa Marekani ilikusanya masimulizi ya wanawake waliotukanwa na kupuuzwa wakati wa kujifungua. Baadaye utafiti ulioitwa Heshima, ulioanza 2011, uliwauliza akina mama katika vituo 13 nchini. Mmoja kati ya watano alisema alitendewa bila heshima. Masimulizi yalionyesha kidonda. Hesabu ikaonyesha ukubwa wake.

Na kikundi chenu je?

Tuseme mmechanga pesa za kununua kitanda cha kujifungulia katika zahanati. Kabla ya kununua:

1. Hesabuni. Pitieni nyumba zote: mwaka uliopita ni akina mama wangapi walijifungulia nyumbani?

2. Sikilizeni. Ongeeni na wachache wao, mmoja mmoja, bila haraka. Huenda shida si kitanda, bali ni usafiri wa usiku.

3. Tunzeni siri. Ombeni ruhusa kwanza, na anayekataa asilazimishwe. Msiandike majina, wala maneno ya mama yasirudiwe sokoni au kanisani. Siri ikitoka, hakuna atakayewaambia ukweli tena.

Pesa za wanakikundi hupatikana kwa jasho. Mkinunua kitanda na mama bado hana njia ya kufika, mtoto atazaliwa njiani.

Maswali ya kujadili

- Ni shida gani kijijini kwetu tunayoijua kwa kusikia tu, bila kuihesabu?
- Ni ipi tumeihesabu, lakini hatujawauliza wenyewe sababu?
- Nani kati yetu akina mama wangemwamini na siri zao?