Safari ya Sydney: Ogopa mkondo na homa, si papa

Ukiwaambia watoto kwamba likizo ya Desemba familia itakwenda Sydney, Australia, swali la kwanza litakuwa kuhusu papa na la pili kuhusu buibui wenye sumu. Ni kweli viumbe hao wapo, lakini ni nadra sana kumdhuru mgeni. Mambo yanayoweza kugeuza likizo yako kuwa msiba ni mengine, na mengi yake unaweza kuyazuia kabla hujafunga mizigo.

Anza na chanjo

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazohesabiwa kuwa na hatari ya homa ya manjano. Kwa hivyo, kila msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja au zaidi anayetoka hapa huulizwa cheti cha kimataifa cha chanjo anapoingia Australia. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa sindano, basi usingoje juma la safari. Tangu mwaka wa 2016 cheti hicho hutambuliwa maisha yote, kwa hivyo aliyechanjwa zamani hana haja ya kurudia. Iwapo una mimba au una maradhi yanayopunguza kinga ya mwili, mwone daktari kwanza.

Homa unayoibeba mwenyewe

Familia nyingi, kabla ya safari ndefu, huenda kwanza kuwaaga wazee mashambani, pengine Siaya, Busia au Kilifi. Huko mbu wanaweza kumwambukiza mtoto malaria bila yeyote kujua. Vijidudu hivyo hukaa mwilini kwa siku 7 au zaidi, mara nyingi hadi mwezi mzima, kabla ya homa kuanza. Wakati huo mtoto yuko Sydney, mji usio na malaria, na kila mtu atadhani ni mafua au uchovu wa ndege.

Australia ilitangazwa kuwa nchi isiyo na malaria mwaka wa 1981. Daktari wa huko huenda asiufikirie ugonjwa huu haraka kama wa kwetu. Ni wajibu wako, mzazi, kumwambia waziwazi: "Tumetoka Kenya siku chache zilizopita, naomba mtoto apimwe malaria." Usingoje hadi kesho, kwani malaria kali inaweza kumuua mtoto katika muda mfupi mno. Ukienda kuwaaga wazee, hakikisha watoto wanalala ndani ya chandarua, na umwulize daktari kuhusu dawa za kujikinga.

Ndani ya ndege

Kutoka Dubai au Doha hadi Sydney ni takriban saa 14 angani. Kuketi muda huo wote bila kusogea kunaweza kufanya damu igande katika mishipa ya miguu. Simama, tembea kidogo, kunja na kukunjua vifundo vya miguu, na unywe maji. Ukifika, utakuta saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa 8 wakati wa Desemba. Usipange matembezi makubwa siku mbili za kwanza.

Bahari isiyo kama yetu

Watoto waliozoea kuogelea Diani au Nyali wamezoea bahari ambayo nguvu zake huvunjwa na miamba ya matumbawe. Katika fuo za Sydney kama Bondi, mawimbi hutoka moja kwa moja bahari kuu. Maji yanayosukumwa ufuoni hutafuta njia ya kurudi, na hupita kwa kasi penye kina. Huo ndio mkondo. Ajabu ni kwamba mahali hapo mara nyingi huonekana shwari kuliko pengine, na mzazi asiyejua huwapeleka watoto papo hapo. Tarehe 6 Februari 1938, mamia ya watu walisombwa Bondi kwa wakati mmoja, na watano wakafa.

Ogeleeni tu kati ya bendera zenye rangi nyekundu na manjano, ambapo waokoaji wanalinda. Ukibebwa na mkondo, usishindane nao. Tulia, elea, inua mkono kuomba msaada.

Jua

Wengi wetu huamini kwamba ngozi nyeusi haidhuriwi na jua. Rangi hiyo husaidia, lakini hailindi macho wala haizuii mwili kuishiwa maji. Kwa mtoto mwenye ualbino, jua la Sydney ni hatari kubwa. Desemba ni majira ya joto huko, na jua huzama saa mbili usiku, kwa hivyo watoto hukaa nje muda mrefu. Tangu mwaka wa 1981 Waaustralia wamefundishwa kuvaa shati, kupaka mafuta ya kukinga jua na kuvaa kofia. Fuata desturi hiyo, paka mafuta upya kila baada ya saa mbili, na ukae kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Maji ya mfereji ni salama kunywa.

Ukiugua

Mkenya aliye matembezini hatibiwi kwa gharama ya serikali ya huko, na kulazwa hospitalini ni ghali sana. Kata bima ya safari kabla ya kuondoka. Dawa unazotumia zibebe katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na uzitaje kwa maafisa uwanjani, kama vile chakula chochote ulichobeba. Nambari ya dharura ni 000.

Iandike nambari hiyo karatasini, na chini yake uandike, "Tumetoka Kenya, apimwe malaria." Kila mtu mzima katika familia awe na karatasi yake mfukoni.