Maji Yaliyotunza Magogo ya Kalambo

Kutoka Lizaboni, Songea, safari ya Maporomoko ya Kalambo ni ndefu: Njombe, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, kisha Matai. Mwaka 1918 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilielekea upande huohuo kwa miguu. Mwishoni mwa Septemba, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma likitoka Msumbiji, likapita maeneo ya Songea na Njombe, likaingia Rhodesia ya Kaskazini. Novemba 25 lilisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, si mbali na maporomoko haya. Nyuma ya askari walitembea wapagazi Waafrika, na katika vita ile walikufa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu.

Mto Kalambo hauna habari na mipaka tuliyoichora juu yake. Unagawa Tanzania na Zambia, unafika ukingoni, unajitupa zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja. Ukingo huo ni kazi ya Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande wa Ziwa Tanganyika ukadidimia, mto ukabaki juu. Tangu hapo maji yanaichimba miamba kwenye nyufa zake, na korongo linazidi kurefuka kuelekea yanakotoka maji. Chini ya maporomoko kuna bwawa lililochimbwa na kishindo cha maji.

Wageni wengi hutazama chini. Hazina kubwa zaidi iko juu ya maporomoko, upande wa Zambia, kwenye bonde dogo ambalo mto umelijaza mchanga na tope. Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuvumbua pale zana za mawe na vipande vya miti vya kale sana. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham ilichimba tena, na mwaka 2023 ikatangaza magogo mawili yaliyopachikwa kwa pengo lililochongwa makusudi. Umri wake ni takriban miaka 476,000. Mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana yana miaka kama 300,000; mafundi hawa walitutangulia.

Umri huo ulijulikanaje? Kipimo cha kaboni hukoma kwenye miaka kama 50,000. Watafiti walipima mchanga uliofukia magogo. Punje ya madini iliyo gizani hukusanya nishati ya mionzi ya ardhini, kama mtungi unaokinga tone kwa tone. Mwanga wa jua huumwaga wote. Kiasi kilichomo huonyesha ni lini punje iliona jua mara ya mwisho.

Na mbona miti haikuoza? Udongo uliolowa daima huwa na oksijeni kidogo mno, na bila oksijeni kuvu na bakteria waozeshao mti hawafanyi kazi ila polepole mno.

Hapo ndipo wajibu wetu ulipo. Misitu ikifyekwa na vyanzo vikikaushwa, udongo ule utapata hewa, na kilichodumu karne 4,760 kinaweza kuoza upesi. Anayekwenda Kalambo kuona maji yakianguka, atetee pia maji yaliyotulia ardhini huko juu.