Vyombo vya Kukereza: Anayeanza Anunue Nini?

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huelemewa, na mwaka wa pili mwenye shamba apata pishi chache tu. Kwa sababu hiyo wako wanachama wanaotaka kazi ya mkono ya kushika wakati wa uchache, na mojawapo ni kukereza mti: matendegu ya vitanda, miguu ya vigoda, michi ya vinu vidogo vya viungo, na mipini. Kazi hii haingoji mvua. Lakini fedha za karafuu zikiisha dukani kabla ya kipande cha kwanza kukerezwa, mtu huwa amejiongezea shida juu ya shida. Basi hapa twaeleza namna ya kununua vyombo kwa fedha kidogo, hasa kwa wale wanaovuka kwenda Tanga kutafuta bidhaa.

Jambo la kwanza kulishika ni hili: katika kukereza, makali ni bora kuliko wingi wa patasi. Mti huzunguka mbele ya patasi mara mamia kwa dakika, na makali hufa upesi. Mwenye patasi tatu na kinoo atamshinda mwenye patasi kumi na mbili asiye na cha kunolea. Kwa hiyo, kabla hujaondoka nyumbani, gawa fedha zako mafungu mawili, moja la patasi na moja la kunolea. Fungu la pili usilitumie kwa kitu kingine.

Patasi za kuanzia ni tatu. Ya kwanza ni patasi pana ya mfereji, ya kuondoa pembe za mti mpaka uwe mviringo. Ya pili ni patasi nyembamba ya mfereji, ya kufanyia mabonde na mapambo. Ya tatu ni patasi ya kukatia, ya kupimia unene na kutenga kipande kilichokwisha. Iko na ya nne, yenye makali ya mshazari, ambayo husafisha mti kuliko msasa. Lakini ni ngumu kuizoea, nayo yaweza kungoja.

Angalieni sana hapa: patasi pana ya mfereji si ya kuchimbia bakuli. Mkia wake unaoingia katika mpini aghalabu ni mwembamba, na ukinasa katika mti waweza kukatika na kuruka. Bakuli lina patasi yake, iliyofanywa kwa chuma kinene cha mviringo. Anayeanza na aache bakuli mpaka mkono uzoee.

Tena, msidanganywe na sanduku lenye patasi nane au kumi na mbili kwa bei moja. Nusu yake hutazitumia, na aghalabu mipini yake ni mifupi. Mpini mrefu ndio unaokupa nguvu ya kuishika patasi mti unapoisukuma.

Sasa chuma chenyewe. Ziko pua za namna mbili. Pua ya kawaida hupata makali mazuri sana, lakini ikipata moto juu ya jiwe la kunolea mpaka ikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha mahali hapo. Hapana budi kuichovya majini mara kwa mara. Ya pili ni ile ambayo mafundi wa mashine huiita haispidi. Taylor na White wa Marekani waliionyesha Paris mwaka 1900, nayo hubaki ngumu hata ikipata moto wa nyuzi zaidi ya 500. Kwa anayeanza, ambaye bado hajajua kunoa, haispidi yafaa zaidi ijapokuwa bei yake ni kubwa. Hata patasi moja tu ya haispidi, ile pana, itakuokoa.

Usiamini herufi zilizopigwa juu ya chuma peke yake. Mwombe fundi akiguse kidogo kwenye jiwe linalozunguka, ukatazame cheche. Pua ya kawaida hutoa cheche nyingi nyeupe zenye kupasuka kama nyota. Haispidi hutoa chache, nyekundu, zisizopasuka sana. Jaribio jingine ni tupa: ipitishe polepole karibu na makali. Tupa ikila upesi, chuma ni laini, kiache. Ikiteleza, chuma ni kigumu.

Mwanachama anayefikia kwa jamaa zake Nguvumali, au mtaa mwingine wa Tanga, asikimbilie duka la kwanza. Na awaulize kwanza maseremala, kwani fundi aliyeacha kazi huweza kuuza patasi nzuri kwa bei ndogo. Kutu ya juu si kitu. Mashimo ya kutu karibu na makali ni kitu. Tazama urefu uliobaki, ufa, na kama noleo la mpini limekaza. Pia mhunzi mwema aweza kukufulia patasi kutoka kwa springi kuukuu ya lori, chuma kizuri kwa kazi hii akijua kukitia moto na maji. Tupa kuukuu usiigeuze patasi bila mhunzi: ni ngumu lakini huvunjika kama kioo.

Kuhusu kerezo lenyewe, hapana haja ya kuanza na mashine. Kerezo la uta, na lile la kanyagio lenye kamba na mti wa kupinda, hufanywa na seremala kwa mbao tu, na patasi hizo hizo zafaa. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, kwa hiyo anayetaka kerezo la mota aweza kulitumia. Likiwa limetumika, litikise kwa mkono uone kama lacheza. Kisha sogeza ncha zake mbili zikutane. Zikipishana, liache. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Tanga. Yafaa kuuliza huko kabla ya kununua.

Mti wa kujifunzia usiununue. Tumia vipande vya mfenesi au mwembe, au mkarafuu uliokwisha kufa. Mkarafuu hai usiuguse. Mtiki wa Longuza, Muheza, ungoje mpaka mkono uzoee. Kabla ya kuanza, zungusha mti kwa mkono uone kama wagusa mahali. Vaa miwani ya kazi, na mikono mipana ya kanzu ikae mbali na kerezo.

Nunua basi kwa taratibu hii: kinoo kwanza, patasi pana ya haispidi, patasi ya kukatia, kisha patasi nyembamba. Mengine yalipwe na vigoda utakavyouza. Jina la mtaa lasema nguvu ni mali. Kwenye kerezo, makali ndiyo mali.